Dayalogi za mbwembwe kwenye komedi za indi: sifa zinastahili au tunapigwa changa la macho? (uzi mrefu)

Wakuu habari zenu.

Huu uzi nimekaa nao wiki nzima, leo nauachia. Juzi mimi na dada yangu tumebishana mpaka usiku wa manane kuhusu Juno, ile komedi ya 2007 ya binti wa miaka 16 anayeitwa Juno, anapata mimba na kuamua kumpa mtoto mke na mume wengine wamlee. Mi nilikuwa nairudia, yeye ndo anaiona mara ya kwanza, dakika kumi hazijafika akaomba rimoti. Akasema hakuna mtoto wa miaka 16 anayeongea hivyo popote duniani, huyu ni mwandishi anajionyesha, alafu eti wakampa Oscar. Na kweli walimpa, Diablo Cody alichukua tuzo ya skripti Februari 2008, na ilikuwa skripti yake ya kwanza kabisa kutengenezewa muvi.

Sasa dada yangu hayuko peke yake kwenye hili, watu wengi wanaojua muvi wanaikataa Juno kwa sababu hiyo hiyo, na ukiangalia vizuri ugomvi wenyewe hata sio wa Juno peke yake. Ni ugomvi wa komedi nyingi za indi, zile zinazotengenezwa kwa hela kidogo na watu wanaachiwa kuandika wanavyotaka. Mule ndani watu wanaongea kwa mafumbo, kwa misemo waliyoitunga wenyewe, kwa sauti kavu kama wanasoma tangazo, na mtazamaji anabaki anajiuliza hivi hawa ni watu au ni mdomo wa mwandishi umegawanywa kwa waigizaji sita.

Msimamo wangu nautoa mapema watu wasije kusema nazunguka. Mbwembwe za maneno zinastahili sifa, tena kubwa, pale muvi yenyewe inapojua kwamba zile mbwembwe ni ngao. Yani mhusika anajificha nyuma ya maneno, muvi inajua anajificha, na kuna siku ngao inashuka na unakuta kuna mtu nyuma yake. Kama haishuki kamwe, au ikishuka hukuti mtu, basi hapo ni ufundi wa kuchekesha tu, hamna muvi.

Nianze na sini iliyomkasirisha dada yangu maana nataka niitendee haki hoja yake. Binti yuko dukani, kapima mimba mara ya tatu siku hiyo hiyo, ameshika kile kijiti anakitikisa tikisa kama vile majibu yatabadilika. Muuza duka anamwambia hicho sio kile kibao cha kuchezea cha watoto ambacho ukikitikisa mchoro unafutika, huu mchoro haufutiki. Alafu anamalizia na neno la mtaani ambalo hata Wamarekani wenyewe walikuwa wameshaacha kulitumia. Inachekesha? Inachekesha. Ila sikiliza tena utagundua muuza duka anaongea kama binti, binti anaongea kama muuza duka, na muda mfupi baadaye rafiki yake kwenye simu (ile simu yenye umbo la hambaga) anaongea kama wote wawili. Wahusika watatu, mdomo mmoja. Hilo ni kosa la kweli na sitalitetea.

Baada ya ule ubishi nikafanya kitu. Nikachukua daftari nikaianza muvi upya, kila mhusika nikaandika sentensi zake tatu nne bila kuweka jina, nikafunga daftari nikalala. Asubuhi nikafungua nikajaribu kurudishia majina. Zile za mwanzo mwanzo nilichanganya karibu zote. Lakini kuanzia pale wanapoingia wale mke na mume wanaotaka kumchukua mtoto, Vanessa na Mark, sikukosea hata moja, na hapo ndo nikaona kitu ambacho miaka yote sikuwahi kukiona.

Vanessa hatanii. Kaa uiangalie muvi nzima, yule mama karibu hana sentensi ya kuchekesha ya kwake mwenyewe, anaongea kama mtu aliyekariri vitabu vya malezi na anaogopa kukosea mtihani. Mark sasa, mumewe, yeye anaijua lugha ya Juno. Anarusha utani, Juno anarudisha, wanaongea muziki, wanaongea muvi za kutisha, mpira unapigwa huku na kule na wewe mtazamaji unampenda kwasababu ndo mtu mzima pekee anayeweza kucheza ule mchezo na binti. Unamwona Vanessa kama mgumu, hana ladha. Alafu nini kinatokea? Yule mwenye maneno ndo anayekimbia. Anaiacha ndoa, anamwacha mtoto kabla hajazaliwa, na yule asiyejua kutania ndo anabaki amesimama. Mwandishi ametumia ile staili kutudanganya sisi kwa njia ile ile aliyodanganywa Juno, tumemwamini mtu kwasababu anaongea vizuri.

Hebu kumbuka na ile sini ya kule kwenye maduka. Vanessa anaomba kumgusa mtoto tumboni, anaweka mikono, hasikii kitu, na uso wake unakuwa wa mtu aliyekataliwa. Juno anamwambia ongea naye. Basi yule mama anapiga magoti mbele ya watu, anamsogelea mtoto, anaanza kuongea taratibu kwa aibu maneno ya kawaida kabisa ambayo mtu yeyote angesema. Na mtoto anapiga teke. Juno pale kanyamaza. Binti ambaye tangu muvi ianze hajawahi kukosa cha kusema, amesimama anaangalia tu.

Na karata ya mwisho ni kile kikaratasi. Juno baada ya kujua Mark anaondoka analia ndani ya gari pembeni ya barabara, anachukua risiti, anaandika kitu nyuma yake, anaiacha mlangoni kwa Vanessa. Hatuonyeshwi ameandika nini. Mpaka mwisho kabisa, mtoto ameshazaliwa, ile risiti imewekwa kwenye fremu ukutani chumbani kwa mtoto, na imeandikwa kwamba kama wewe bado upo, na mimi bado nipo. Basi. Hamna utani, hamna msemo wa kutunga. Ni sentensi nyepesi kuliko zote kwenye ile skripti na imewekwa kwenye fremu kama picha ya familia. Mtu aliyeandika vile aliijua kazi yake mapema, alijua kwamba zile dakika kumi na tano za kelele ni deni atakalokuja kulilipa.

Kwahiyo hoja ya "hakuna anayeongea hivyo" mi naona inapiga pembeni. Naisubiri michango yenu, ntajibu moja moja.

---

> Mkuu umeandika vizuri ila bado hujajibu. Muvi inatakiwa ifanane na maisha. Nikisikia mtu anaongea kwa mafumbo kila sentensi natoka kwenye stori, naanza kumuona mwandishi amekaa kwenye kompyuta anacheka mwenyewe.

Hapo kwenye kumuona mwandishi nakubaliana na wewe, ni hisia mbaya sana na inaua muvi. Ila hili la kufanana na maisha hebu tulishike vizuri. Chukua simu urekodi watu wawili wakipiga stori dakika tano, alafu uandike neno kwa neno. Utakuta "yani" kama arobaini, sentensi hazimaliziki, mtu anaanza jambo anaingia lingine, mwenzake anajibu swali ambalo halijaulizwa. Huwezi kuiweka hiyo kwenye muvi ya saa moja na nusu. Dayalogi yoyote unayoiona imechongwa, hata ile unayodhani ni ya kawaida, tofauti ni kwamba wengine wanaficha alama za patasi na wengine wanaziacha zionekane.

Na kuziacha zionekane sio kitu kipya. Shakespeare hakuna mtu wa enzi zake aliyekuwa anaongea vile akienda dukani. Mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani hamna anayeongea hivyo nyumbani kwake, na bado mtu akisikiliza utenzi uliotulia machozi yanamtoka. Kwenye sinema zenyewe kaangalie His Girl Friday ya 1940, dairekta Howard Hawks. Pale watu wanaongea kwa kasi ambayo hata mnada haufiki na wanakatishana kila saa. Ujanja wao ulikuwa kuandika sentensi zenye maneno ya ziada mwanzoni na mwishoni ili mtu akikatishwa, kinachopotea ni yale ya ziada na maana inabaki katikati. Yani hata vurugu ilipimwa. Leo hiyo muvi inaitwa klasiki na sijasikia mtu akilalamika kwamba waandishi wa habari hawaongei hivyo.

---

> Mi nipo upande wa dada yako. Kama unataka komedi ya hela ndogo yenye ukweli kaangalie zile za mumblecore. Funny Ha Ha, The Puffy Chair. Watu wanang'ata maneno, wanaona aibu, wanashindwa kusema wanachotaka. Ile ndo dayalogi.

Nazipenda zote mbili na nakushukuru kuzitaja maana watu wengi hawazijui. Ila ngoja nikuonyeshe kitu. Funny Ha Ha ya 2002 ilikuwa na skripti. Andrew Bujalski aliiandika. Zile "mmh" na "sijui, labda" na mtu kuanza sentensi mara tatu, sehemu kubwa ya hali ile ilitengenezwa kwa makusudi. Nenda kwa ndugu Coen, kwenye Fargo, ambayo nayo ilichukua Oscar ya skripti kwa mwaka 1996, yule muuza magari anapobanwa na maswali anagugumia, anarudia neno, anapoteza njia. Ukiisikia utasema mwigizaji kajiachia. Kumbe kwenye skripti zao hata kusitasita kunaandikwa.

Kwahiyo kung'ata maneno nayo ni staili. Ni mbwembwe iliyovaa nguo za nyumbani. Mi siioni kama iko juu ya ile nyingine wala chini, swali langu kwa zote mbili ni lile lile, mhusika anaficha nini na muvi inajua au haijui. Kwenye mumblecore wanajificha kwenye kunyamaza nusu, kwenye Juno anajificha kwenye kuongea sana.

Na kwa hili la kunyamaza siwezi kupita bila kumtaja Dwayne wa Little Miss Sunshine, 2006. Ile muvi imejaa watu wanaoropoka, baba na hotuba zake za ushindi, babu na matusi yake, na katikati yao kuna kijana ameapa kutoongea mpaka aingie jeshi la anga. Anaandika kwenye kidaftari. Tumemzoea hivyo zaidi ya nusu ya muvi, anachekesha bila sauti. Siku anagundua macho yake hayatofautishi rangi na kwahiyo hawezi kurusha ndege, anatoka kwenye gari anakimbia na neno la kwanza tunalomsikia nalo ni tusi, na baada ya hapo anaimwagia familia yote aliyoyaficha miezi tisa. Mama yake anajaribu kumbembeleza kwa maneno, haisaidii. Anashuka mdogo wake Olive, anachuchumaa pembeni yake, anamwekea mkono begani, anaegemeza kichwa, hasemi kitu. Dwayne anasema sawa, twende. Nayo ilichukua Oscar ya skripti, mwandishi Michael Arndt, na mi naamini sini ile ambayo haina karibu neno lolote ndo iliyompa, maana ili kimya kile kifanye kazi ilibidi makelele ya saa nzima yaandikwe kwa akili.

---

> Sisi tunaoangalia kwa sabutaito tunafanyaje? Mimi Juno niliiona na tafsiri na sikucheka hata mara moja.

Swali zuri sana hili dada, na linauma. Mfano pale rafiki yake Juno kwenye simu anashtuka kuambiwa mimba, anasema "honest to blog". Kwa Kiingereza kuna kiapo cha kusema haki ya Mungu, yeye kaondoa neno la Mungu kaweka blog kwasababu zinakaribiana kwa sauti. Sasa mtafsiri afanye nini? Akiandika "haki ya Mungu" utani umekufa, akiandika "haki ya blogi" mtu anadhani kuna makosa ya uchapaji. Anayeangalia kwa tafsiri anabaki na stori ya binti mwenye mimba anayeongea haraka.

Lakini na hiki ndo kipimo kingine mi nakipenda. Ondoa utani wote wa maneno, kinabaki nini? Ile risiti kwenye fremu inabaki. Mama aliyepiga magoti anabaki. Kuna sini moja Juno anamwambia Bleeker, yule kijana mkimya wa mbio aliyempa mimba, kwamba wewe ndo mtu poa kuliko wote niliowahi kukutana nao na wala hujitahidi. Bleeker anajibu kwa upole kwamba kusema kweli anajitahidi sana. Itafsiri kwa lugha yoyote unayotaka, haipotei, maana kinachokuchekesha na kukuuma pale ni kwamba yule mtoto hawezi kudanganya hata kwa kujisifia. Muvi ambayo ikipita kwenye sabutaito haibaki na kitu, hiyo mi sitaipa tuzo hata kama kwa lugha yake inavunja mbavu.

---

> Hicho kipimo chako cha daftari kina tatizo mkuu. Kwenye muvi za Wes Anderson wote wanaongea sawa. Kwenye The Lobster ndo kabisa, wote kama roboti. Kwahiyo hizo hazifai? Mbona zimepewa tuzo?

Hapa umenishika na nimekaa na hili swali jana jioni yote.

Nianze na The Lobster ya dairekta Yorgos Lanthimos, 2015. Kwa ambao hawajaiona, ni dunia ambayo mtu asiye na mwenza anapelekwa hotelini, anapewa siku 45 apate mtu, akishindwa anageuzwa mnyama anayemtaka mwenyewe. Ilichukua tuzo ya majaji kule Cannes. Wote wanaongea kavu, sentensi zimenyooka kama fomu ya serikali, mtu anatamka jambo la kutisha kwa sauti ya kuulizia saa. Na ni kweli kipimo changu cha daftari kingeiangusha. Lakini pale kufanana ndo habari yenyewe. Wale watu wamefundishwa kwamba mapenzi ni kufanana kasoro, anayechechemea atafute anayechechemea. Kuna kijana anamtaka binti anayetokwa damu puani, anachofanya ni kujigonga pua kwa siri mpaka itoke damu ili waonekane wamefanana. Dunia kama hiyo lazima watu wake waongee mdomo mmoja, maana wameshanyang'anywa ya kwao. Kwahiyo narekebisha: kama wote wanaongea sawa, lazima muvi iwe na sababu ya wao kuongea sawa, na sababu hiyo iwe inawaumiza.

Yorgos Lanthimos huyo huyo kabla ya hapo alifanya Dogtooth, 2009, ambapo wazazi wamewafungia watoto wao nyumbani na wanawafundisha maana za uongo za maneno, bahari inakuwa jina la kiti, zombi inakuwa ua dogo la njano. Unacheka alafu unapata baridi. Ukimiliki maneno ya mtoto umemmiliki mtoto. Mtu akiniambia dayalogi ya ajabu ni mapambo tu, namtuma kwenye hiyo.

Wes Anderson sasa. Mi nampenda kwa masharti. Rushmore ya 1998 ndo naiweka juu kabisa. Max Fischer ana miaka 15 anaongea kama mkurugenzi wa kampuni, anatoa maagizo, anatongoza mwalimu kwa maneno makubwa, na ameshawaambia watu baba yake ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Uongo. Baba ni kinyozi, na duka lake tunaliona. Muvi inakwenda, mambo yanaharibika, na siku moja Max anampeleka Bwana Blume, yule tajiri rafiki yake, pale kwa kinyozi na kumtambulisha kwa baba yake. Ni utambulisho wa kawaida tu, huyu ni baba yangu. Kamera inaangalia uso wa Blume ambaye ni Bill Murray, na yeye anaelewa yote, hasemi, anampa mkono mzee. Ngao imeshuka na nyuma yake kuna mtoto aliyekuwa anaona aibu. Hiyo sini naweza kuirudia kila mwezi.

Muvi zake za baadaye zinanipa tabu. Picha zimepangwa mpaka raha, maneno yamepangwa mpaka raha, ila mara nyingine nasubiri ngao ishuke na taa zinawaka watu wanatoka. Wengine mnaona tofauti na nawaheshimu, ila mi ndo nilipo.

---

> Umesahau Clerks wewe.

Sijasahau, nilikuwa natafuta pa kuiweka. Kevin Smith 1994, stori ya wauza duka wawili, Dante na Randal, dola 27,575, nyeusi na nyeupe, wamerekodi usiku kwenye duka alilokuwa anafanya kazi mwenyewe. Na kwasababu stori inatakiwa iwe mchana na nje kuna giza, wakaandika kwamba mtu kaweka bablish kwenye kufuli za shata na shata hazifunguki. Tatizo la taa likawa kichekesho cha stori. Kwa bajeti ile hakuwa na cha kuonyesha zaidi ya maneno, ndo maana wanaongea bila kupumua, mjadala wa saa ngapi sijui kuhusu mafundi waliokufa kwenye kile kituo cha angani cha Star Wars, wakati walikuwa vibarua tu hawana ugomvi na mtu.

Na maneno yale yalikuwa na nguvu kiasi kwamba bodi ya kupanga madaraja kule Marekani mwanzoni iliipa daraja kali kabisa la NC-17 kwa dayalogi tu. Hamna mtu uchi, hamna damu, ni midomo. Wakakata rufaa ndo ikashushwa.

Ukiniuliza kama Clerks inapita kwenye mizani yangu, inapita ila kwa shida. Kuna mwisho mwisho pale Randal anamgeukia Dante anamwambia ukweli kwamba wao wanajiona bora kuliko wateja na bado wapo nyuma ya kaunta. Pale ngao inashuka. Ila njiani kuna dakika nyingi ambazo wote wawili ni Smith anaongea na Smith.

---

> Shida sio hizo za kwanza, shida ni waliofuata. Baada ya Juno kila muvi ilikuwa na kijana mjuaji anaongea kama kamusi ya intaneti.

Kweli tupu. Na mi naona dhambi nyingi za waigaji zimeandikwa kwenye jina la aliyeigwa. Mtu anachukua kinachoonekana, zile kejeli na majina ya bendi za zamani, anaacha kisichoonekana yani ile hesabu ya lini uwanyamazishe. Alafu misemo inachuja. Daniel Waters alipoandika Heathers, ile iliyoingia kumbi za Marekani 1989, aliamua kutunga misemo yake mwenyewe ya wanafunzi kwasababu alijua akichukua ya mtaani itakuwa imepitwa kabla muvi haijatoka. Ndo maana mpaka leo haijazeeka. Juno kwa upande huo imezeeka zaidi, sina ubishi.

Na kuna kitu kingine kuhusu muvi za aina hii, hazina katikati. Netflix walipoweka lile shindano la dola milioni 1 kuanzia 2006 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 mfumo wao wa kubashiri mtazamaji atapenda nini, moja ya muvi zilizowatoa jasho washindani ilikuwa Napoleon Dynamite ya 2004. Unaweza kujua kila kitu mtu anachokipenda na bado usijue kama ataipa nyota tano au moja. Yule kijana anapumua kwa nguvu, anajibu kila swali kama ameonewa, macho yamefumba nusu. Wengine wanalia kwa kucheka na wengine wanaona wamepotezewa muda. Ilitengenezwa kwa kama dola laki 4 ikaingiza zaidi ya milioni 40. Mtu akikwambia hajaielewa usimwambie hana akili, na yeye asikwambie unajifanya.

---

> Haya tufunge kazi. Ile Oscar ya 2008 Juno ilistahili au haikustahili? Jibu moja tu mkuu.

Ilistahili. Na nasema hivyo nikijua ilishindana na nani. Kulikuwa na Michael Clayton, Ratatouille, Lars and the Real Girl, na The Savages ya Tamara Jenkins ambayo kwangu ndo ilikuwa mpinzani wa kweli, ndugu wawili wanampeleka baba yao mgonjwa kwenye nyumba ya wazee na wanatupiana maneno makali kwasababu hawajui kulia mbele ya mwenzake. Ingepewa ile nisingelalamika hata kidogo. Ila Juno ilijiwekea kazi ngumu zaidi, ilianza na lugha ambayo nusu ya watu wataichukia, ikaibeba mpaka kwenye sentensi moja nyepesi nyuma ya risiti, na haikuanguka njiani.

Dada yangu jana nimemkalisha tukaimaliza. Dakika zile za mwanzo bado anasema angezikata zote, na mi nikamwambia za dukani kata, hata mi ningezipunguza. Ilipofika ile fremu ukutani akaniambia nirudishe nyuma kidogo, hakuwahi kusoma vizuri. Nikarudisha. Akasoma, akaomba nirudishe tena.